Frere Town: Uhuru Uliojengwa na Wenyewe

Historia ya Frere Town, kijiji kilichoasisiwa Kisauni mwaka 1875, ng'ambo ya hori inayokitenga na Mji wa Kale wa Mombasa, husimuliwa zaidi kama historia ya wafadhili. Mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alifika Zanzibar mwaka 1873 kumbana Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Mnamo Juni 5 mwaka huohuo mkataba ulitiwa saini, usafirishaji wa watumwa kwa bahari ukapigwa marufuku na soko la Zanzibar likafungwa. Manowari za Kiingereza zikawa zinayanasa majahazi ya watumwa, na wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) wakanunua ardhi Kisauni na kukipa kijiji jina la Frere. Katika masimulizi hayo mtumwa huteremshwa pwani, hupewa nguo, jembe na jina la ubatizo, kisha hasikiki tena. Makala hii inashikilia kwamba mkataba na manowari vilifungua mlango tu. Uhuru wenyewe ulijengwa na wakazi wa Frere Town, kwa ujuzi wao, kwa malalamiko yao na kwa ukaidi wao. Tusipoukubali ukweli huo, tutahifadhi kengele na kuta huku tukiiacha jamii iliyozipa maana ikimezwa na jiji.

Ushahidi wa kwanza ni wa miaka iliyotangulia kijiji chenyewe. Mchungaji William Salter Price alipofika Mombasa Novemba 1874, aliwakuta Waafrika waliokwisha kuitumikia misheni ya Rabai tangu miaka ya 1860, George David miongoni mwao. Hawa waliwahi kutekwa utotoni, wakaokolewa baharini, wakapelekwa India na kusomeshwa Nasik, karibu na Bombay. Mmisionari wa Rabai, Johannes Rebmann, alikuwa mzee aliyekaribia kupofuka, na kazi ya kila siku iliwaelemea wao. Price, aliyewahi kuisimamia shule hiyo ya Nasik, alijua kwamba bila hawa Waafrika wa Bombay, kama walivyoitwa, asingekuwa na mwalimu, seremala, mhunzi wala mkalimani. Walikuwa watu wa upeo mpana. Jacob Wainwright alikuwa mmoja wa walioubeba mwili wa David Livingstone kutoka bara hadi pwani, akaufuata hadi Westminster Abbey mwaka 1874, na baadaye akafundisha Frere Town. Matthew Wellington, mwenzake katika safari ile ya bara, aliishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 1935. Watu wa namna hii hawawezi kuitwa wapokeaji wa hisani. Wao ndio waliowapokea wageni walioteremshwa na manowari: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, ambao lugha moja waliyoweza kukutania ilikuwa Kiswahili.

Ushahidi wa pili ni kwamba uhuru ndani ya kijiji ulibidi kudaiwa. Msimamizi Mwingereza, J. R. Streeter, aliendesha Frere Town kwa viboko na vifungo. Malalamiko yakapanda hadi kwa wakuu wa Kiingereza Zanzibar, Price akarudishwa mwaka 1881 kutengeneza mambo, na Streeter akaondolewa. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa William Jones na Ishmael Semler daraja la ushemasi. Oktoba ya mwaka huo Hannington aliuawa Busoga, na Jones, aliyepata kuwa mtumwa, ndiye aliyewaongoza manusura wa msafara hadi Rabai. Hapo aliyehitaji kuongozwa na aliyeongoza walikuwa wamebadilishana nafasi, ingawa vitabu vingi vimemkumbuka askofu zaidi ya shemasi.

Yupo atakayesema kwamba bila manowari kusingekuwa na Frere Town, na kwa hiyo sifa iende kwa aliyetuma manowari. Hoja hii ina uzito, lakini inawasahau watoro. Mamia ya watumwa wa mashamba ya pwani walitoroka kwa miguu yao bila kungoja meli ya mtu. Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, watoro walijitungia kijiji, na mwaka 1883 kiongozi wao wa Kikristo, David Koi, aliuawa kwa sababu ya kijiji hicho. Wengine walijificha Rabai na Frere Town kwenyewe, hata mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa wakatishia kukivamia kijiji. Kengele iliyotundikwa hapo, ambayo mahali pake panaitwa Kengeleni hadi leo, ilikuwa ya kuwaita watu na kuwatahadharisha. Siku ya Januari 1, 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alitoa hati za uhuru kwa watoro wapatao 1,400 baada ya kuwalipa fidia mabwana zao. Hati hizo zilithibitisha jambo ambalo watoro walikuwa wamelitenda kitambo. Serikali nayo ilichelewa: utumwa uliendelea kutambuliwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi 1907.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Frere Town, husemwa, kilikuwa kisiwa cha kigeni: Wakristo katikati ya Waislamu, majina ya Kiingereza, macho yakielekea London. Tena James Juma Mbotela, mzaliwa wa jamii hiyo, aliwasifu mno Waingereza katika kitabu chake *Uhuru wa Watumwa* cha mwaka 1934. Sifa hizo hazina haja ya kufichwa. Shukrani ya mtoto wa aliyeokolewa ni ya kweli. Lakini Mbotela aliiandika habari ya wazazi wake kwa Kiswahili, nao wakapata nafasi katika maandishi ya pwani. Ama ugeni, Mombasa gani isiyojengwa na waliokuja? Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, wenyewe wana Wapate, Wakilifi na Washaka, majina ya miji waliyotoka babu zao. Ikiwa hao ni wenyeji, na ni wenyeji kweli, hakuna kipimo cha haki kitakachowatoa watu wa Frere Town.

Linalobaki ni ardhi na kumbukumbu. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, jipya likafuata 1980, na kijiji kikajikuta katikati ya viwanja ghali. Sheria ya hati miliki za pwani ya 1908 ilimfaa mwenye karatasi, na wazao wa watu waliokuwa wenyewe bidhaa hawakuwa na karatasi nyingi. Wengine hunyamazia asili yao, kwa sababu unyonge wa jina la mtumwa haujaisha. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kuhifadhi Frere Town, basi, kusiishie kupaka rangi mnara wa kengele. Rejista za ubatizo na ndoa zinakiliwe, wazee wahojiwe, makaburi yapimwe na kuwekewa mipaka, na madai ya ardhi ya familia yasikilizwe kama sehemu ya urithi wenyewe. Waasisi wa kijiji walinyimwa kwanza haki ya kuwa na mahali, na mahali hapo ndipo deni letu kwao linapoanzia.