Katapila Haifuatiliwi

Lugha yetu haijawahi kuionea haya mashine kubwa. Tulilisikia trekta likija, tukaliita tingatinga kwa mlio wake. Tulikuta jina la kampuni limeandikwa ubavuni mwa buldoza, tukasema katapila, na leo fundi anakwambia bila kusita kwamba katapila yake ni ya kampuni nyingine, Komatsu. (Wachache hukumbuka kuwa huko lilikotoka, jina hilo ni la kiwavi.) Mashine ya kuchimbia ikaitwa kijiko, basi, yakaisha. Kigugumizi kimetushika tangu mashine hizi zianze kutuma zenyewe habari za joto, mafuta na saa za kazi.

“Ufuatiliaji wa mitambo kwa mbali,” ndivyo tunavyoandika. Tuanze na kufuatilia. Kesi hufuatiliwa, mwenye deni hufuatiliwa. Ni kumwandama anayekwenda, au jambo linalocheleweshwa. Katapila iliyo kazini haijamkimbia mtu. Napendekeza uangalizi. Mgonjwa huwekwa chini ya uangalizi, kwa hiyo huruma imo. Waangalizi wa uchaguzi nao hutoka mbali, hutazama, huandika ripoti, wala hawagusi sanduku la kura. Huo ndio ukomo hasa wa kazi hii, nami nitaurudia.

“Kwa mbali” ni kosa kubwa zaidi. Nikisema namfahamu fulani kwa mbali, maana yake simfahamu vizuri. Nikisikia kitu kwa mbali, nimekisikia kwa shida. Sasa kuna kituo cha kampuni ya Rio Tinto mjini Perth, Australia, kinachoendesha shughuli za migodi ya chuma ya Pilbara, kiasi cha kilomita 1,500 kutoka hapo. Walioketi Perth hawaoni kwa mbali hata kidogo. Wanaona waziwazi, kutoka mbali. Basi tuseme uangalizi kutoka mbali: neno moja dogo limebadilika, na ukungu umeondoka.

Chombo chenyewe kinachopima ndani ya mashine wengine wanakiita sensa. Haifai, sensa ni yule karani wa kuhesabu watu aliyetubishia hodi Tanzania mwaka 2022. Kihisi, kutokana na hisi, ni zuri kama jina la jumla. Lakini tunalikimbilia mno na kusahau kwamba tumekuwa na kipimajoto siku nyingi. Kinachopima msukumo wa oili kiitwe kipimamsukumo, na fundi ataelewa kabla hujamaliza kutamka.

Data, takwimu au taarifa? Takwimu ni hesabu iliyokwisha kupangwa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 ya kulinda habari za watu ilichagua “taarifa binafsi”, na kwa habari za mtu nakubali. Kwa mashine ningezitenga: namba ghafi ziitwe data, fundi akishasoma ndani yake kwamba injini inakaribia kuchemsha, hiyo ni taarifa. Taarifa, arifu na maarifa ni watoto wa shina moja la Kiarabu, na ukoo huo unahitaji mtu anayejua.

Kuna kitu ambacho mifumo hii ya uangalizi hukihesabu sana na sisi hatuna jina lake fupi: muda ambao injini inawaka, mafuta yanaliwa, na kazi haifanyiki. Naleta ngurumo tupu. Mkulima aliyewahi kusikia mbingu zikitisha bila kudondosha tone hatahitaji kamusi.

Nirudi kwenye ule ukomo. Mfumo wa Komtrax, ambao Komatsu ya Japani waliufanya kifaa cha kawaida cha mashine zao mwaka 2001, hausomi tu. Unaweza pia kuizuia injini isiwake, hata kama mashine iko nchi nyingine. Mwangalizi amegusa sanduku. Hapo jina ni udhibiti, na kuuficha ndani ya “huduma ya ufuatiliaji” ni kumpunja mnunuzi. Uangalizi kutoka mbali na udhibiti kutoka mbali viandikwe katika mkataba kila kimoja na kifungu chake, na saini mbili.