Kihispania Kilicholipia Kamusi za Kimaya

Mwaka 1969, katika mji wa Antigua nchini Guatemala, ilianzishwa taasisi yenye kazi mbili ambazo mtu asiyeijua nchi ile angeona haziendani. Ya kwanza ilikuwa kuwafundisha wageni Kihispania kwa malipo. Ya pili ilikuwa kuwapa vijana wa Kimaya mafunzo ya isimu, ili waandike wenyewe kamusi na sarufi za lugha walizozaliwa nazo, lugha ambazo mtoto aliweza kuchapwa kwa kuzizungumza darasani. Fedha za kazi ya kwanza ziliibeba ya pili. Kihispania kililetwa na wavamizi wa karne ya 16 kwa upanga na msalaba. Miaka mia nne na ushee baadaye kikaanza kugharimia uhai wa lugha kilizozikandamiza.

Taasisi hiyo inaitwa Proyecto Lingüístico Francisco Marroquín, kwa kifupi PLFM. Jina imelichukua kwa askofu wa kwanza wa Guatemala, aliyefariki mwaka 1563. Mji wenyewe ulifaa. Antigua ulikuwa makao makuu ya utawala wa Kihispania katika Amerika ya Kati hadi tetemeko la ardhi la mwaka 1773 lilipoubomoa na serikali ikahamia bonde jingine, lilipo Jiji la Guatemala la leo. Magofu ya makanisa yakabaki, barabara za mawe zikabaki, na kwa upande wa kusini volkano ya Agua ikabaki imeusimamia mji. Hali ya hewa ni ya baridi kidogo, maisha yalikuwa ya bei nafuu, na Kihispania cha watu wa pale ni cha taratibu, hakimkimbii mgeni.

Wazo la lugha kulipia kazi nyingine halikuzaliwa Guatemala. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Vatikani iliyataka mashirika ya kitawa ya Amerika ya Kaskazini yapeleke sehemu ya kumi ya watu wao Amerika ya Kusini na ya Kati, na mamia ya mapadre na masista wakahitaji Kihispania haraka. Mwaka 1961 padre Ivan Illich, mzaliwa wa Vienna, akafungua kituo mjini Cuernavaca, Meksiko. Ada za masomo ya lugha ziliendesha semina zake, ambazo mara nyingi ziliwauliza wamisionari hao iwapo kweli walikuwa na sababu ya kwenda. Mwaka 1968 Illich aliwaambia vijana wa Marekani waliokuja kujitolea kwamba nia njema haitoshi, na kwamba afadhali waje kama watalii au wanafunzi kuliko kama wafadhili. Enzi hizohizo shirika la Maryknoll, lililokuwa na watu wake Guatemala na Tanganyika pia, lilikuwa likiwafundisha wageni Kiswahili huko Makoko, Musoma. Kote huko mmisionari alilazimika kukaa chini kwanza na kufundishwa na mwenyeji.

Guatemala waliuchukua utaratibu huo na kuusukuma mbele zaidi. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja. Ingia katika ua wa shule yoyote ya Antigua saa mbili asubuhi na utaona meza ndogo zimepangwa kuuzunguka mti au chemchemi, kila meza na viti viwili, daftari, kikombe cha kahawa na kadi za vitenzi. Wanazungumza saa nne au tano, siku tano kwa juma. Mwanafunzi hana pa kujificha: hakuna mwenzake wa kujibu badala yake. Mchana hurudi kula kwa familia iliyompokea, chapati za mahindi na maharage meusi mezani, na watoto wa nyumba hiyo humsahihisha bila huruma. Kwa mwalimu, ambaye mara nyingi ni mwanamke, hiyo ni ajira ya heshima katika nchi ambayo mwalimu wa shule ya msingi hupata shida kuikimu familia yake. Kwa mama mwenye nyumba, malipo ya chakula na malazi ni fedha anazozishika mkononi mwenyewe.

Faida ya kudumu zaidi ilipatikana upande wa pili wa taasisi ile. Wanaisimu wa Kimarekani kama Terrence Kaufman, na Nora England aliyefika mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliwafundisha vijana wa vijijini uchambuzi wa sauti, maneno na sentensi. Wengi wa vijana hao hawakuwa wamefika mbali shuleni. Wakarudi kwao na daftari, wakakaa na wazee, wakakusanya maneno ya kilimo, ya ususi na ufumaji, ya viungo vya mwili, ya ibada. England aliandika sarufi ya Kimam, mojawapo ya lugha za Kimaya, iliyotoka mwaka 1983, na wanafunzi wake wakaja kuunda kundi lao la utafiti, OKMA, mwaka 1990. Wakati huo PLFM yenyewe ilikwisha kupita mikononi mwa Wamaya.

Msomaji wa Kiswahili ataielewa haraka thamani ya kazi hiyo, maana Afrika Mashariki nayo iliwahi kukaa na kukubaliana tahajia moja. Guatemala kila kundi la wamisionari lilikuwa na namna yake ya kuandika, na wengi walizilazimisha sauti za Kimaya ziingie katika herufi za Kihispania. Mwaka 1987 serikali iliidhinisha alfabeti moja kwa lugha zote za Kimaya. Mwaka 1990 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Akademia ya Lugha za Kimaya, na mwaka 2003 ikaja sheria ya lugha za taifa. Leo Guatemala inazitambua lugha 22 za Kimaya. Miongoni mwa waliobishania herufi hizo mezani walikuwa watu waliofundwa Antigua, kwa fedha za wageni waliohangaika na vitenzi vya Kihispania.

Kabla ya sheria hizo, usiku wa manane, tarehe 4 Februari 1976, tetemeko la kipimo cha 7.5 liliipiga nchi hiyo. Watu wapatao 23,000 walikufa na zaidi ya milioni moja wakakosa pa kulala. Nyumba za matofali ya udongo za nyanda za juu, wanakokaa Wamaya, ziliwaangukia wenyewe wakiwa usingizini. Watu wa shule za lugha walijikuta na kitu ambacho mashirika ya misaada hayakuwa nacho: walizijua njia, walizijua lugha, na walijulikana.

Mmoja wao alikuwa Robert Gersony, Mmarekani aliyetumika jeshini Vietnam kisha akaja Guatemala kuijenga PLFM pamoja na wenzake. Baada ya tetemeko aliingia katika kazi za misaada, na kazi hizo zikamleta hadi kwetu. Mwaka 1984 alikusanya ushahidi wa mauaji ya raia katika eneo la Luwero, Uganda. Mwaka 1988 aliwahoji karibu wakimbizi 200 wa Msumbiji katika kambi za nchi tano, Tanzania ikiwemo. Ripoti yake ikakadiria kwamba raia wasiopungua 100,000 walikuwa wameuawa na waasi wa RENAMO, na ikawaziba midomo wale waliotaka Marekani iwasaidie waasi hao. Alimhoji mkimbizi mmoja mmoja, kwa saa nyingi, bila haraka. Ni vigumu kutoiona hapo ile meza ya viti viwili ya Antigua.

Lakini Guatemala nako damu ilikuwa ikimwagika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1960, miaka 6 baada ya mapinduzi yaliyosukwa na Marekani kumng'oa Rais Jacobo Árbenz, na vilikwisha kwa mkataba wa tarehe 29 Desemba 1996. Tume ya ukweli iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa ilikadiria waliouawa au kupotezwa kuwa zaidi ya 200,000. Asilimia 83 ya wahanga waliotambuliwa walikuwa Wamaya, na asilimia 93 ya maovu yaliyoorodheshwa yalifanywa na vikosi vya serikali na washirika wao. Kumfundisha Mmaya kusoma kulitosha kumfanya mtu ashukiwe. Mgeni naye hakuwa salama: tarehe 2 Novemba 1989 sista wa Kimarekani Dianna Ortiz, aliyekuwa akiwafundisha watoto wa Kimaya, alitekwa kwenye bustani ya nyumba ya mafungo ya kiroho mjini Antigua na kuteswa. Alitumia maisha yake yaliyobaki kuwatetea walioteswa.

Katikati ya hofu hiyo, mwaka 1988, kundi la walimu wa Quetzaltenango lilianzisha Proyecto Lingüístico Quetzalteco. Mji huo, ambao wenyeji huuita Xela, uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya asubuhi huingia mifupani. Hapa siasa hazikufichwa. Asubuhi ilikuwa sarufi, alasiri mazungumzo na vyama vya wafanyakazi, wakulima, wajane, na jamaa wa waliopotezwa. Kundi la jamaa hao, GAM, lilikuwa limeanza mwaka 1984. Umoja wa wajane, CONAVIGUA, ulizaliwa mwaka uleule wa 1988. Magazeti ya nchi yalikuwa yakiandika kwa kuogopa, kwa hiyo habari zilisafiri na wanafunzi: mtu alirudi kwao Marekani au Ulaya, akasimama kanisani au chuoni akasimulia, akamwandikia mbunge wake. Shule ikawa pia kituo cha habari, na hilo ndilo lililozipa shule za namna hii jamii ya kudumu ya watu waliotawanyika duniani wakiulizana hali.

Nchi jirani zilikuwa na simulizi zao. Estelí, kaskazini mwa Nikaragua, wageni walijifunza lugha huku wakiishi na familia zilizotoka katika mapinduzi ya mwaka 1979 na kampeni ya kusoma na kuandika ya mwaka 1980. San Salvador, mji mkuu wa El Salvador, mwaka mmoja baada ya mkataba wa amani wa 1992, kilifunguliwa kituo cha CIS, na shule yake ikapewa jina la Mélida Anaya Montes, kiongozi wa walimu aliyeuawa mwaka 1983.

Anayetaka kuona jamii na shule zikiishi pamoja apande gari kutoka Xela na kushuka hadi mteremko wa kahawa karibu na Colomba. Hapo walimu wa Quetzaltenango walifungua Escuela de la Montaña mwaka 1997, mwaka wa kwanza wa amani. Wanafunzi hulala shuleni, lakini kila mlo huufuata kwa miguu kwenye nyumba za vijiji vya Nuevo San José na Fátima. Wakazi wa huko walikuwa vibarua waliozaliwa ndani ya mashamba ya matajiri, katika hali ambayo manamba wa mkonge wa Tanganyika wangeitambua. Waligombana na wenye mashamba juu ya malipo yao, wakaondoka, wakajipatia viwanja vidogo. Viwanja havikuwapa kazi. Mwishoni mwa mwaka 2001 bei ya kahawa duniani ilianguka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, pigo lilelile lililowafikia wakulima wa Kagera na Kilimanjaro, na vibarua wa Colomba wakawa wa kwanza kuachishwa. Mwanafunzi anayekula mara tatu kwa siku katika nyumba ya namna hiyo hujua bei ya kahawa ni nini kabla hajajua wakati uliopita wa kitenzi.

Mpango huo nao una udhaifu, na ni haki usemwe. Kipato kinategemea mgeni kupanda ndege. Machi 2020 Guatemala ilifunga mipaka kwa sababu ya korona, na uwanja wa ndege wa La Aurora haukufunguliwa tena hadi Septemba. Meza zikabaki tupu. Walimu waliokuwa na kompyuta wakahamia intaneti, na wanafunzi wa zamani wakajiandikisha upya ili tu walimu hao waendelee kulipwa. Akina mama wa vijijini waliokuwa wakipika hawakuwa na la kuhamishia mtandaoni. Zipo pia shule za biashara tupu, zinazomlipa mwalimu sehemu ndogo ya ada. Ndiyo maana walimu wengi wa Xela na wa San Pedro La Laguna, kando ya ziwa Atitlán, waliona afadhali waunde ushirika wao.

Wanafunzi wenyewe wamebadilika. Siku hizi wengi ni wauguzi, mawakili na walimu wa Marekani wanaohudumia wahamiaji kutoka Guatemala. Wanarudi kazini na Kihispania kizuri, kisha wanakutana na mama wa Huehuetenango anayekielewa nusu nusu, kwa sababu lugha yake ni Kimam. Lugha za Kimaya za Kimam na Kik'iche' sasa ni miongoni mwa lugha zinazohitajiwa sana katika mahakama za uhamiaji za Marekani, na kesi huahirishwa kwa kukosa mkalimani. PLFM nayo, zaidi ya nusu karne tangu ianze, ina wageni wanaoomba saa zao ziwe za Kikaqchikel, lugha nyingine ya Kimaya, badala ya Kihispania, na safari hii Wamaya ndio wanaolipwa kufundisha lugha yao wenyewe.