Malawi walivyohama kanda, sisi wa ziwani tukabaki

Juzi hapa hosteli ulizuka ubishi wa mpira. Jamaa wakashikilia kwamba Malawi haijawahi kutwaa Kombe la Chalenji, eti "wale si watu wa COSAFA bwana, Chalenji wameijulia wapi?" Mimi nasoma ualimu, somo langu historia, na kwetu ni Mbinga, kwa hiyo ubishi huu ulinigusa pande mbili. Jibu ni kwamba Malawi wamelitwaa mara tatu: 1978, 1979 na 1988. Sisi Tanzania Bara, kwa timu za wakubwa, tuna 1974, 1994 na 2010. Tumelingana nao kabisa! Sasa inakuwaje wenzetu tuliolingana nao makombe wasahaulike hivi?

Kwa wale wasioijua Ruvuma: ukitoka Mbinga mjini kwenye kahawa, unateremka na lami kilometa zisizofika 70 unaingia Mbamba Bay, ziwani. Huko ni wilaya ya Nyasa siku hizi, ila mpaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mbinga. Ng'ambo ya maji, karibu mkabala kabisa, ni Nkhata Bay, Malawi. Kwenda Dar kwa basi ni zaidi ya kilometa 1,000. Kwa hiyo mtu wa Mbamba Bay au Liuli akisema "jirani", anamaanisha Mmalawi kabla hajamfikiria Mkenya. Lakini kwenye karatasi za mpira Mkenya ndo wa kanda yetu, na Mmalawi ni mgeni.

Turudi nyuma kidogo. Michuano hii ilianza 1926 ikiitwa Kombe la Gossage, jina la mtengeneza sabuni wa Kiingereza aliyelidhamini. Mwanzo walicheza Kenya na Uganda tu, kisha miaka ya 1940 wakaingia Tanganyika na Zanzibar. Mwaka 1967 likaitwa Kombe la Chalenji, na 1973 ikazaliwa CECAFA yenyewe, baraza la Afrika Mashariki na Kati. Hilo neno "Kati" ndilo lililowabeba Zambia na Malawi, na baadaye Zimbabwe.

Mnaweza kuuliza, kwa nini wasicheze kusini kwao? Kusini palikuwa hapachezeki. Msumbiji ilipata uhuru 1975 ikaingia vitani mpaka 1992. Zimbabwe ilipata uhuru 1980. Afrika Kusini ya makaburu FIFA iliifukuza 1976. Kwa hiyo aliyetaka mechi za maana aliangalia kaskazini. Na walipokuja hawakuja kusindikiza: Malawi wakabeba mara mbili mfululizo, Zambia wakabeba 1984 na 1991, Zimbabwe 1985 wakiwa nyumbani.

Kuna kitu kimoja nakipenda sana katika miaka ile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Lakini 1981 Chalenji ilichezwa hapa Tanzania, Kenya wakaja, wakatufunga 1-0 fainali, wakaondoka na kombe letu! Marais hawaelewani, mpaka umefungwa, mpira unachezwa. Malawi nao, serikali yao na yetu zilikuwa na mzozo wa mpaka wa ziwa tangu miaka ya 1960, mzozo ambao mpaka leo haujaisha, na bado tulikuwa kanda moja ya mpira.

Kilichowaondoa Malawi ni kwamba mlango wa kusini ulifunguka. FIFA iliirudisha Afrika Kusini 1992, na 1996 wakatwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwaka 1997 ikaundwa COSAFA, na kombe lake likapata mdhamini mzito, bia ya Castle ya huko huko Afrika Kusini. Zambia, Malawi na Zimbabwe wakahamia huko. Ugomvi na CECAFA haukuhitajika. Soko lilikuwa kusini.

Wanaofuatilia michezo ya vyuo Marekani wataona sinema hii wanaijua. Kule vyuo vimejipanga kwa kanda, na kanda maarufu ni Big Ten, iliyoanzishwa 1896. Jina linasema kumi, lakini tangu 2024 wanachama ni 18, na kati yao wamo UCLA na USC vya California, wakati kanda yenyewe asili yake ni majimbo ya kati, kule kwenye maziwa makuu. Wamevuka nchi nzima kufuata hela za televisheni. Kanda waliyoihama, Pac-12, ilibaki na vyuo viwili tu mwaka huo: Oregon State na Washington State. Mahasimu waliocheza pamoja karibu miaka mia moja wakatenganishwa na mkataba wa matangazo.

CECAFA haikufa hivyo. Ilipata wengine, mfano Sudan Kusini ambao baada ya uhuru wa 2011 waliingia na kucheza Chalenji 2012. Na ina jambo la kujivunia: Zanzibar ni mwanachama kamili, na 1995 walitwaa kombe wakiwa Zanzibar, si Tanzania. CAF iliwapokea Machi 2017, ikawatoa Julai mwaka huo huo. CECAFA haijawahi kuwafanyia hivyo.

Ila pengo la kusini lilionekana, ndo maana wakaanza kualikwa wageni. Na mgeni ni mgeni. Mwaka 2006 kule Ethiopia, Zambia walialikwa wakaishinda Sudan fainali kwa penati, lakini kombe likahesabiwa la Sudan kwa kuwa Zambia si mwanachama! Bingwa wa 1984 na 1991 anashinda fainali halafu anaambiwa wewe si wa hapa. Mwaka 2010 Malawi nao walikuja Dar kama waalikwa, mwaka ambao Shadrack Nsajigwa alipiga ile penati ya ubingwa dhidi ya Ivory Coast, waalikwa pia.

Na sisi tumegeuka wageni kwao. 2017 Taifa Stars walialikwa COSAFA, wakawatoa Afrika Kusini, wakamaliza wa tatu. Oktoba 2021 Twiga Stars walitwaa kombe la wanawake la COSAFA, na fainali walimfunga nani? Malawi, 1-0. Majirani wa ziwa moja walikutana fainali Port Elizabeth, pwani ya mbali kabisa, tena upande mmoja akiwa mwalikwa. Malawi wakajibu 2023 kwa kulitwaa lile kombe wenyewe.

Mimi sisemi Tanzania ihame CECAFA. Kenya na Uganda ndo historia yetu tangu Gossage. Lakini serikali yetu imo EAC na imo SADC, zote mbili, na hakuna aliyekufa. Mpira ungeweza angalau kuwa na mechi za mara kwa mara kati ya mikoa ya ziwa na wenzao wa ng'ambo, vijana wa Nyasa na Kyela kwa Nkhata Bay na Karonga. Nauli yake ni ndogo kuliko ya kwenda Djibouti, na Djibouti ni kanda yetu.

Kinachoniuma zaidi ni kumbukumbu. Miaka michache ijayo baadhi yetu tutakuwa tumepangiwa shule za ziwani. Mtoto wa Liuli akiuliza Malawi ni nani kwetu, kuna mwalimu atamwonyesha ramani na mzozo wa mpaka, basi. Mimi nitamwambia pia kwamba walishawahi kuwa mabingwa wetu, mara tatu.

Haya, nawasilisha. Jumatatu nina testi na sijagusa daftari. Wenye wazee walioiona ile ya 1978, waulizeni kabla hawajasahau.