Milango Baina ya Chembe za Moyo

Ukiutazama moyo wa mbuzi buchani, waweza kudhani ni nyama moja tu. Wataalamu wengi wa zamani walidhani hivyo pia, wala si ajabu, maana moyo wote hupiga kwa pamoja. Lakini, ewe msomaji, yafaa ujue kwamba umejengwa kwa chembe nyingi mno. Je, chembe hizo hupashanaje habari?

Mwaka wa 1877 Engelmann, Mjerumani aliyefundisha Utrecht katika Uholanzi, alichunguza misuli ya moyo iliyojeruhiwa. Aliona kwamba chembe zilizokatwa zilikufa, ila jirani zake zilipona upesi. Hebu fikiri: kama chembe zote ni kitu kimoja, mbona jeraha halikuenea?

Jibu lilichelewa. Mwaka wa 1954 Sjöstrand na Andersson wa Sweden walitumia hadubini ya elektroni, wakaona utando unaotenga kila chembe na mwenziwe. Basi ujumbe hupita wapi? Mwaka wa 1966 Weidmann, wa Bern katika Uswisi, alitia potasiamu yenye mnururisho upande mmoja wa vipande vya misuli ya moyo. Ikavuka kutoka chembe hata chembe. Milango ilikuwapo! Leo twajua kwamba ni vijia vyembamba vya protini, na umeme wa moyo hupita humo.

Mwaka wa 1990 na 1991 watafiti wa Uswisi na Marekani walikuza chembe za moyo wa panya wachanga, wakazitilia asidi za mafuta. Muda si muda mawasiliano yakakatika. Zilipooshwa kwa albumini, protini inayonasa asidi hizo, milango ikafunguka tena. (Usiyaogope mafuta ya chakula kwa sababu hiyo, katika damu asidi hizo husafiri zikiwa zimeshikwa na albumini, na moyo huzitumia kama kuni.)

Hatari yaja mshipa unaoulisha moyo unapoziba. Chembe zikikosa oksijeni, asidi za mafuta hulundikana ndani yake. Milango ikifungwa, chembe nzima hukingwa na madhara ya zile zinazokufa, kama alivyoona Engelmann. Lakini umeme nao hukosa njia yake, huzunguka kombokombo, na mapigo huvurugika; wengi wafao ghafla kwa maradhi ya moyo huuawa na mvurugiko wa namna hiyo. Hata hivyo tusizilaumu asidi za mafuta peke yake, kwani kalsiamu ikizidi ndani ya chembe, nayo huifunga milango hiyo hiyo.