Neno Kwa Neno: Kufunga na Kujinyima

Kwaresima ikianza, vijana husikika wakisema "nimefunga soda" au "nimefunga simu". Afungaye soda ameirudishia kizibo. Afungaye simu ameiwekea nywila. Kufunga, au kushika saumu, ni kuacha chakula kwa ajili ya ibada. Saumu hii ni sawm ya Kiarabu, wala haina undugu na kitunguu saumu, kilichotokana na thum. Kuacha kitu kimoja unachokipenda ni kujinyima.

Kanisa Katoliki hutenganisha mambo hayo. Kufunga ni kula mlo kamili mmoja tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59. Kujinyima nyama huanza na miaka 14. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 halazimiki kufunga, ila mishikaki ya Ijumaa ya Kwaresima huiacha jikoni.

Kwaresima yenyewe ni quadragesima ya Kilatini, yaani "ya arobaini": kutoka Majivu hadi mkesha wa Pasaka ni siku 46, na zikitolewa Jumapili 6 hubaki arobaini. Soda basi mtu hujinyima, na bei yake ikawa sadaka.