Kupasuka

Mafundi mitambo husema sauti "inapasuka". Kitenzi hicho kinataja kile sikio linachosikia. Kinachotokea hasa ni kukatwa. Katika kurekodi kwa kompyuta, desibeli 0 ndiyo dari. Wimbi likizidi hapo, kilele chake hukatwa kikawa bapa, na mkwaruzo ukazaliwa. Kwenye muziki wa roki, ngoma ndizo hugonga dari kwanza, kwa kuwa pigo la snea au la ngoma ya mguu hupanda ghafla na kushuka mara moja, ilhali gitaa huvuma mfululizo.

Mfano unaotajwa sana ni albamu ya bendi ya Metallica, Death Magnetic, ya Septemba 2008. Ilibanwa na kupandishwa sauti hadi ngoma zikapasuka. La ajabu, nyimbo hizohizo katika mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zilisikika safi zaidi! Maelfu ya mashabiki walitia saini ombi la kutaka albamu ichanganywe upya.

Kilele kikishakatwa wakati wa kurekodi, kuteremsha sauti baadaye hakukirudishi. Ngoma ziachiwe desibeli kadhaa chini ya dari, gitaa zipangwe kuzifuata. Msikilizaji anayetaka kelele zaidi ana kitufe chake mwenyewe.