Ukienda Showground Kakamega, Jua Kusoma Mikono ya Refa wa Raga

Kama umewahi kuwa Showground siku Kabras Sugar wanacheza, hii unaijua: refa anapuliza firimbi, ananyoosha mkono, na nusu ya watu wanaulizana, "Sasa hiyo ni nini?" Nusu ingine tayari inamtusi. Kabras wamebeba Kenya Cup mara kadhaa tangu ile ya kwanza ya 2016, na MMUST wako papo hapo Lurambi, lakini wengi wetu tulilelewa na boli ya Bukhungu. Macho yetu ni ya futa. Kwa raga refa anakuambia karibu kila kitu kwa mikono. Usipoisoma, utabaki kupiga kelele ju mbogi inapiga kelele.

Cheki hivi. Ishara huja mbili, moja nyuma ya ingine. Ya kwanza inasema nani amepewa nini, ya pili inasema sababu.

Kwa ile ya kwanza, angalia kiwiko. Mkono ukinyooka na kupanda juu kwa mshazari, hiyo ni penalti, na upande unakoelekea ndio wa timu iliyokosewa. Ukikunjwa kwa kiwiko, ni frikiki, na hiyo huwezi kuipiga moja kwa moja kati ya milingoti upate pointi. Ukilala sawa na bega, ni skramu. Na ukisimama wima juu kabisa, refa akiwa amepa mgongo laini ya nyuma, hiyo ni trai. Pointi 5. Ruka utakavyo.

Kuna moja inaleta vita kila wikendi: mkono umenyooka usawa wa kiuno, na firimbi haijalia. Mafans wanashout, "Refa, we ni kipofu?" Manze, ameona! Hiyo ni advanteji. Anaambia timu yako, endeleeni kwanza, mkikosa faida nitawarudisha pale kosa lilifanyika. Ukimlazimisha apulize, pengine unajinyima trai.

Ishara ya pili ndiyo tamu, ju refa anageuka mwigizaji. Akikumbatia mpira hewa kifuani, mchezaji aliyeangushwa amekataa kuuachilia. Akizungusha kidole na mkono ukienda mbali na mwili, yule aliyeangusha mwenzake amelala hapo kama amelipa rent, hajatoka njiani. Akirusha pasi ya mpira hewa mbele, pasi ilienda mbele, na kwa raga pasi ya mkono haiendi mbele. Kiganja kikipigapiga huku na huku juu ya kichwa, mpira ulimponyoka mtu ukaenda mbele. Na akipitisha mkono mbele ya shingo, tulia, hakuna mtu anachinjwa. Mchezaji ameshikwa juu, na hilo kosa linaweza kuleta kadi ya njano, yaani dakika 10 nje, ama nyekundu kabisa.

Kwa skramu, ishara hazitoshi, refa anatumia mdomo: "Crouch, bind, set." Hiyo mpangilio imetumika tangu 2013. Kuna mapengo kati ya maneno kwa sababu maalum: wasee nane kwa nane wakigongana kabla ya wakati, shingo za wale wa mbele ndizo ziko hatarini. So akichelewesha neno la mwisho, usimharakishe.

Sasa wale wawili wa bendera. Wengi hudhani kazi yao ni kuonyesha tu mpira umetoka. Ni kweli, wanainua bendera na kuonyesha kwa mkono ule mwingine timu itakayorusha. Lakini wao pia ni macho ya mgongoni mwa refa. Refa anafuata mpira, na ngumi huwa hazifuati mpira. Piga picha: mpira uko upande wa miti, huku nyuma jamaa anamkanyaga mwenzake kichwani. Msaidizi ananyoosha bendera ikiwa imelala, ikielekea ndani ya uwanja. Mchezo unaweza kuendelea kiasi, halafu ukisimama refa anamwendea, anasikiliza nambari ya jezi na kilichofanyika, anarudi na kadi. Kwa stendi watu wanasema amebadilishiwa mawazo. Hapana, ameambiwa na mwenye aliona. Kwa mechi kubwa wanaongeleshana kwa redio za masikioni, lakini mechi nyingi za shule hazina hiyo, ni bendera na macho tu.

Kule Malinya fahali wanapigana na hakuna mtu anahitaji firimbi, anayekimbia ameshindwa. Raga ina watu 30 uwanjani, na mwenye kuongea na refa ni kapteni. Wengine wakianza kubishana, penalti inasogezwa mita 10 mbele. Hapo ndipo mdomo wa mtu mmoja hugharimu timu pointi 3.

Kitu ya mwisho ni ile mikwaju ya milingoti. Usiangalie mpira, unaweza kukudanganya ukiwa umekaa pembeni. Angalia wale wasaidizi wawili wakienda kusimama chini ya milingoti. Bendera zote mbili zikipanda, imeingia.